Kushuka na ng'ombe kiangazi si uzururaji

Kwa Mhariri,

Kila mwaka Mei ikielekea ukingoni, shauri ni lile lile: wafugaji wa milima ya Uvira na Fizi wakatazwe kushuka na ng'ombe nyanda za chini, kila mtu afugie kwake, ugomvi utakwisha. Sisi tunaotibu mifugo huku Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, tunaujua uchungu wa mkulima anayeamka akakuta muhogo wake umeng'olewa. Hata hivyo, shauri hilo likifuatwa ng'ombe watakufa, na ugomvi utabaki pale pale.

Tuanze na tumbo la ng'ombe. Ng'ombe wa kienyeji wa kilo 250 anataka kilo 6 hivi za malisho makavu kwa siku, na maji yasiyopungua lita 30 jua likiwa kali. Kundi la ng'ombe 60 ni kilo 360 za malisho na lita 1,800 za maji, kila siku ya Mungu. Mvua ikinyesha, mlima unayatoa yote hayo. Kufika Julai nyasi za mlimani zimekomaa, zimekuwa mabua. Ng'ombe anatafuna mchana kutwa na mbavu zinahesabika. Bonde la Ruzizi huko chini nalo ni kavu, mvua yake kwa mwaka haifiki milimita 1,000 na kiangazi ni miezi minne au mitano. Lakini huko kuna mabua ya mahindi, majani ya mpunga uliovunwa, na nyasi mbichi kando ya mito. Hayo ndiyo yanayofuatwa.

Wanaotaka kila mfugaji apewe hekta zake na idadi ya ng'ombe huchukua hesabu ya nchi ambako mvua ya mwaka huu inafanana na ya mwaka jana. Kwenye ukavu wa kweli hesabu hiyo haisimami. Lodwar, huko Turkana nchini Kenya, hupata milimita 200 hivi kwa mwaka, lakini wastani huo haulishi mbuzi hata mmoja: mwaka mmoja mvua inamwagika, unaofuata inapita mbali. Watafiti Ellis na Swift waliandika mwaka 1988, baada ya kuchunguza Waturkana, kwamba kinachopunguza nyasi na mifugo kule ni ukame wenyewe kuliko wingi wa ng'ombe. Kwa hiyo mfugaji wa Turkana hafugi kwa wastani. Anachanganya ngamia, mbuzi na ng'ombe, anagawa kundi, anahama. Ruzizi si Turkana na hatusemi tuige kila kitu. Ila mvua ya kwanza ya Septemba hudanganya hata kwetu: nyasi huchipua, jua likarudi likazikausha, na aliyepandisha kundi mlimani mapema hupoteza ndama wake kwa njaa njiani.

Kinachoua zaidi katika safari hizi si njaa. Ni kupe, na hapa ndipo tungependa wasomaji wako, wafugaji na wakulima, watusikilize vizuri. Juu sana mlimani, kwenye baridi, kupe wa masikio ni wachache. Ng'ombe aliyekulia huko hana kinga ya ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe hao, na siku anayofika bonde lenye joto ni kama mtoto aliyetupwa mtoni. Kati ya siku 8 na 25 baada ya kuumwa na kupe mwenye ugonjwa, tezi iliyo chini ya sikio inavimba, kisha ile ya mbele ya bega. Homa inapita nyuzi 40, pumzi inakuwa fupi, na mwisho povu linatoka puani. Sindano ya buparvakwoni, mililita 1 kwa kila kilo 20 za uzito, kwenye msuli wa shingo, inaokoa ikiwahi wakati tezi ndiyo kwanza imevimba. Povu likishaonekana, mara nyingi ni kupoteza pesa.

Kwa hiyo kazi inaanza kabla ya kushuka. Dawa ya kuogesha, tuseme amitrazi ya asilimia 12.5, huchanganywa mililita 20 kwa lita 10 za maji. Ng'ombe mzima anataka lita 3 mpaka 5. Wengi humpitishia pompa mgongoni, nusu lita, wakaridhika. Kupe hakai mgongoni! Pindua sikio utazame ndani: wamejipanga pale kama punje za mtama. Halafu nyunyiza chini ya mkia, kwapani, kwenye kiwele na katikati ya kwato. Dawa iliyozimuliwa kupita kiasi ili ifike ng'ombe wengi haiui kupe, inamzoeza tu. Rudia kila wiki muda wote mlipo bondeni. Ipo pia chanjo ya ndigana, inayotolewa pamoja na sindano ya kiuavijasumu cha oksitetrasaiklini siku hiyo hiyo, lakini lazima itunzwe ndani ya nitrojeni ya kimiminika mpaka siku ya kuchanjwa, na ng'ombe achanjwe mwezi mmoja na zaidi kabla ya safari. Chanjo ya homa ya mapafu nayo itangulie wiki 4.

Si kundi zima linalopaswa kushuka. Ng'ombe wa maziwa na ndama wachanga wabaki nyumbani, walishwe nyasi zilizokatwa Aprili zikaanikwa. Wazee na madume ya ziada wauzwe Mei wakiwa na nyama, kwa sababu Agosti kila mtu anauza, bei ya ng'ombe imeanguka na ya unga imepanda.

Sasa muhogo. Watu husema ng'ombe waje baada ya mavuno, wakidhani limekwisha. Mahindi na mpunga huvunwa, sawa, lakini muhogo hukaa ardhini mwaka mzima na zaidi, na majani yake ndiyo pekee ya kijani mashambani Julai. Tarehe peke yake haitoshi, inatakiwa njia. Njia hiyo iwe na upana wa mita 30 angalau, kwa kuwa makundi mawili yakikutana kwenye njia ya mita 5, moja litaingia shambani hata mchungaji awe hodari vipi. Iwe na mahali pa kulala kila kilomita 10 au 12, penye maji, na pa kunywea pawe mbali na kisima cha watu. Mkulima anayetaka samadi akubaliane na mfugaji kundi lilale katika shamba lake lililovunwa: ng'ombe mmoja huacha kilo 10 hivi za samadi mbichi kwa siku.

Zamani mfugaji alitoa itulo, yaani ada ya malisho, kwa mwenye ardhi, naye alijua amemkaribisha nani na mpaka lini. Leo, kwa miaka hii ya vita, mfugaji hulipa vizuizi vingi njiani, na mkulima aliyeharibiwa shamba hapati hata senti. Mali mwaka 2001 na Burkina Faso mwaka 2002 zilitunga sheria zinazolinda njia za mifugo. Huko nako ugomvi upo, lakini njia inajulikana, na aliyelima katikati ya njia hawezi kudai fidia sawa na aliyelima pembeni.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Machifu na wawakilishi wa wafugaji na wakulima wanapokubaliana, makubaliano hayo hubaki kwenye daftari moja. Yachapishwe gazetini kila Aprili: tarehe ya kushuka, vijiji njia inamopita, mahali pa maji, na nani wa kupima shamba likiharibika.

Wauguzi wa mifugo,
Bukavu