Historia ya ushirika Kilimanjaro haianzii 1933

Mhariri,

Kila mikutano mikuu ya vyama vya msingi inapokaribia, wakulima wa kahawa wa huku Moshi husimuliwa historia ileile: ushirika ulianza 1933, KNCU, muungano wa vyama vya ushirika vya wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, iliposajiliwa. Naomba nafasi nisahihishe, maana miaka minane inayorukwa ndiyo inayoeleza kwa nini mkulima wa mlimani huisoma stakabadhi yake mara mbili kabla ya kuikunja.

Turudi nyuma kidogo. Jina Tanganyika lilikuwa jipya kabisa, la 1920, na mwaka 1922 Uingereza ikathibitishiwa udhamini wa kuitawala nchi hiyo. Serikali ilitaka kodi kwa fedha taslimu. Mwenye kihamba, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, cha migomba tupu hakuwa na pa kuipata ila kwa kwenda kibarua kwenye shamba la mlowezi. Mibuni ya arabika, aina ya kahawa ya milimani, ambayo wamisionari wa Kilema, huku huku Kilimanjaro, walikuwa wameipanda tangu mwishoni mwa karne ya 19, ikabadili hesabu hiyo. Mkuu wa wilaya, Charles Dundas, aliwahimiza Wachagga waipande katikati ya migomba, na mwenye kihamba akaanza kulipa kodi bila kushuka tambarare. Walowezi walilalamika kwamba Mwafrika hataweza kutunza mibuni, wadudu watasambaa, na kahawa yao itaibwa na kuuzwa kama ya wenyeji. Jirani zetu wa Kenya walizuiwa kupanda arabika kwa hoja za namna hiyo. Kwa maoni yangu wadudu walikuwa kisingizio. Kilichowauma walowezi ni kukosa vibarua.

Hapo ndipo ilipozaliwa KNPA, chama cha wakulima wenyeji wa Kilimanjaro, mwaka 1925, Joseph Merinyo akiwa rais wake wa kwanza. Nawaomba vijana waliangalie jambo hili kwa makini: chama hakikuanza kwa hotuba. Kilianza kwa pampu na dawa. Hoja ya walowezi ilikuwa wadudu, na chama kikaijibu kwa kuwapiga vita wadudu, kisha kikakusanya kahawa ya wanachama iuzwe kwa pamoja. Kazi hiyo ilihitaji watu wanaojua kusoma, kuandika na kujumlisha, na shule za misheni zilikuwa zimeshawatoa. Karani kijana akawa na sauti mbele ya wazee kwa sababu daftari lilikuwa mkononi mwake.

Mwaka uliofuata, chini ya Gavana Donald Cameron, ikaja sheria ya mamlaka za wenyeji ya 1926, iliyowapa wamangi, machifu wa Wachagga, nguvu rasmi katika utawala wa serikali. Mlima mmoja ukawa na mabaraza mawili: la mangi, lililotambuliwa, na la wakulima, lililovuka mipaka ya kila mangi. Chama kilipogusa suala la ardhi, wakubwa waliona kimetoka kwenye kahawa na kuingia kwenye siasa. Bei ya dunia ikaporomoka baada ya 1929, madeni yakaja, tuhuma za fedha zikamwandama Merinyo. Ndipo ikatungwa sheria ya vyama vya ushirika ya 1932, na KNPA ikageuzwa kuwa KNCU, meneja wake Mwingereza, A.L.B. Bennett. Kwa hiyo 1933 ni mwaka wa kubadilishwa jina na uongozi. Kuuita mwaka wa kuzaliwa ni kuwanyang'anya waasisi kazi yao.

Kilichofuata husimuliwa kwa haraka zaidi, nacho ndicho kikubwa. Kuuza kupitia ushirika kukawa lazima. Mkulima hupokea malipo ya awali, mengine husubiri kahawa iuzwe. Bei iliposhuka, malipo yakapungua, na asiyeruhusiwa kuuza kwingine alibaki na swali moja: fedha yangu imekwenda wapi? Mwaka 1937 wakulima wa sehemu kadhaa za mlima walishambulia majengo ya vyama vyao wenyewe, na baadhi yao wakahamishwa kwa nguvu kutoka kwao. Sioni kwamba waliuchukia ushirika. Walifungiwa hesabu.

Na hesabu yenyewe si ngumu. Kilo 100 za matunda mabivu, zikimenywa, zikavundikwa, zikaoshwa na kukaushwa vichanjani, hutoa takriban kilo 20 za kahawa yenye ganda la ndani. Hizo zikikobolewa kiwandani hubaki takriban 16 za kahawa safi. Bei ya mnadani ni ya kahawa safi; mizani ya chama hupima yenye ganda. Mkulima anayelinganisha bei hizo mbili moja kwa moja ataona ameibiwa hata kama hakuibiwa. Kuna na upotevu wa kweli. Kahawa inapaswa kuanikwa hadi unyevu ufike asilimia 11 au 12. Ikipokelewa ikiwa na asilimia 15, maji yamelipwa kama kahawa. Gunia litapungua uzito ghalani, huenda likaota ukungu na kushuka daraja, na pengo hilo hubebwa na wanachama wote, hata aliyekausha vizuri. Karani asiye na kipima unyevu, anayeng'ata punje kwa meno, hawezi kulizuia.

Basi ombi langu kwa viongozi wa vyama vya msingi ni dogo. Ubandikwe ukutani, kwa kila mzigo uliopelekwa mnadani, mstari mmoja wenye kilo zilizopokelewa, kilo zilizotoka kiwandani kwa kila daraja, bei iliyouzwa, na kila kato pamoja na jina lake. Ubandikwe kabla ya malipo ya pili, usingoje mkutano mkuu. Na chama chenye daftari za miaka ya 1930 kabatini kisiziachie mchwa. Kizipeleke Chuo Kikuu cha Ushirika hapa Moshi, wanafunzi wazisome.

Msomaji wako,
Old Moshi, Kilimanjaro