Mama Jordan, weka fimbo chini kwanza

Shoga yangu,

Ile voisi yako ya jana nimeisikiliza mara mbili, ya pili nimelia kabisa. Unasema Jordan akirudi likizo analala mpaka saa tano, haongei na mtu, hesabu aliyokuwa anaipenda hata daftari hafungui, na baba yake anataka kumnyoosha kwa fimbo. Naomba msimchape.

Unamkumbuka mdogo wangu anayenifuata? Na sisi tulisema hivohivo, mvivu, anadeka, labda bangi, mzee akachapa mpaka akachoka, kumbe ilikuwa sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, na tumekuja kujua ameshafika miaka 19.

Tangu hapo nasoma sana haya mambo. Kuna daktari wa Marekani, Jay Giedd, yeye na wenzake mwaka 1999 walitoa utafiti, walipiga watoto picha za ubongo kwa MRI, wengine walewale wakarudiwa baada ya miaka kadhaa, wakaona ubongo ujanani bado unajengwa. Ile sehemu ya nyuma ya paji la uso, ya kupima mambo na kujizuia, ndo inakomaa mwisho, kwenye miaka 25 hivi, wakati hisia zimeshachemka zamani. Halafu homoni ya usingizi, melatonini, kwa mtoto wa umri wake inachelewa kutoka usiku. Sasa anahitaji kulala masaa 8 mpaka 10, shuleni prepo ya usiku inaisha saa nne, usingizi unakuja saa sita, kengele saa kumi alfajiri! Kwahiyo kulala mpaka saa tano peke yake kusikutishe, analipa deni. Kinachonitia hofu ni ule ukimya na hesabu aliyoiacha, mdogo wangu alianza hivyo.

Na hujarogwa, Shirika la Afya Duniani linasema kijana 1 kati ya 7 wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Muhimbili wapo madaktari wa hayo mambo, kwenda kuwaona sio kupelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma, kama shemeji anavyodhani.

Leo jioni mpe viazi mmenye wote, usimkazie macho, ataongea. Na muulize wazi kama anawaza kufa, kuuliza hakumtii hilo wazo kichwani. Mimi nilishindwa kumuuliza mdogo wangu, nikawa naogopa jibu.

Jumatatu nimeshaomba ruhusa kazini, saa moja asubuhi ntakuwa kwako twende naye wote. Mwambie mamkubwa anakuja na vitumbua.