YAH: Malalamiko ya kuuziwa thina isiyofaa iliyoharibu ndege yangu ya kuunganisha

Kikuyu, Dodoma
14 Agosti

Meneja Mauzo,
Dar es Salaam.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi Juni nilinunua dukani kwenu seti ya zamani ya Airfix, kampuni ya Uingereza ya modeli za plastiki, ya kuunganisha ndege aina ya Dakota, skeli ya 1/72 (yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi), pamoja na vikopo vinne vya rangi ya mafuta na chupa moja ya thina. Nililipa shilingi 240,000. Mzigo ulikuja kwa basi, nikaupokea stendi ya Nanenane ukiwa salama na vipande vyote vimo. Kwa hilo nawashukuru. Ninacholalamikia ni ile chupa.

Kabla ya kulipa nilimpigia kijana wenu wa mauzo nikamuuliza thina ipi inafaa. Akasema, "Hiyo hiyo mzee wangu, ndiyo ya plastiki." Na kweli, chupa ilifika imebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono: THINA YA MODELI.

Niliifanya kazi ile wiki sita, usiku tu, maana upepo wa Dodoma kipindi hiki hubeba vumbi mchana kutwa, na likinasa kwenye rangi mbichi halitoki mpaka kwa msasa. Marehemu baba alikuwa mpakia mizigo wa East African Airways, shirika lililovunjika mwaka 1977, na Dakota ndiyo ndege aliyoisimulia mpaka anaingia kaburini. Nilitaka isimame kabatini pembeni ya picha yake.

Seti hizi za zamani zina ribiti zilizochomoza juu ya plastiki, nyingi ajabu, ndogo kuliko punje ya ulezi. Wengine huzisugua zote. Mimi niliziacha, na kila nilipoziba ufa wa maungio nilizungushia utepe wa karatasi ili msasa usiziguse. Tarehe 2 Agosti nikachanganya rangi ya fedha na thina yenu, nikapaka bawa la kushoto. Haikupita dakika moja brashi ikaanza kunata. Nilipoinyanyua, ilinyanyuka na plastiki, nyuzinyuzi kama ulimbo. Ribiti zikalala, ncha ya bawa ikajikunja. Bawa zima la ndege hii, ncha hadi ncha, ni kama sentimita 40. Robo yake sasa ni uji uliokauka.

Nilipowapigia, nilijibiwa kwamba plastiki imezeeka, na kwamba bidhaa ikishafunguliwa hairudishwi. Sikubaliani na yote mawili. Nilichukua vipande viwili vya fremu ya seti hiyo hiyo, yaani vijiti vya plastiki vinavyoshikilia sehemu za ndege kabla ya kukatwa, plastiki ile ile yenye umri ule ule. Kimoja nikakidondoshea thina yenu, kikalainika na kuacha alama ya kidole changu. Cha pili nikakilaza usiku kucha kwenye tapentaini ya duka la vifaa vya ujenzi. Asubuhi kilikuwa kigumu kama nilivyokiweka. Fundi rangi wa magari hapa mtaani alifungua chupa yenu, akanusa mara moja tu, akasema ni thina ya kupulizia magari. Hiyo huyeyusha plastiki ya aina hii, iwe mpya au kuukuu. Rangi ya mafuta ilihitaji tapentaini, na mtu anayeuza modeli anapaswa kulijua hilo kabla ya kubandika karatasi kwenye chupa.

Naomba mnitafutie mabawa ya seti hiyo, au seti nyingine kama hiyo. Ikishindikana, mnirudishie fedha yangu yote pamoja na nauli ya mzigo. Na chupa zilizobaki dukani ziondoeni leo, kabla mwingine hajaipaka ndege yake.

Naambatisha picha za bawa, vipande viwili vya fremu, karatasi ya chupa na nakala ya risiti. Nasubiri majibu yenu kwa maandishi ndani ya siku 14.

Mteja wenu,
Kikuyu, Dodoma