Neno "mshamba" lisiwe tusi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie neno "mshamba" linavyotumika redioni na magazetini. Limetokana na shamba, lakini siku hizi anaitwa hivyo yeyote asiyejua mambo ya mjini. Kijana akishuka stendi ya Mbezi, Dar es Salaam, akauliza zinakopakia daladala za Kariakoo, anachekwa. Kesho hatauliza tena. Atamfuata tapeli wa kwanza atakayejifanya mwenyeji.

Kutojua njia si upumbavu, na wanaotulisha mahindi na maharage wako hukohuko shamba. Nashauri wahariri na watangazaji waseme "mgeni" au "asiye na uzoefu". Walimu nao wakemee wanafunzi wanaomzomea kwa neno hilo mwenzao aliyehamia kutoka kijijini.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam