Data za utafiti zisibaki kwenye laptopu ya mtu

Mhariri, salaam. Naomba nafasi niliseme hili la majarida ya kitaaluma kuchapisha makala bila kudai data zake ziwekwe wazi, linatuumiza sana sisi tunaofanya tafiti hapa Dar.

Makala nyingi ukifika mwishoni unakuta wameandika data zinapatikana kwa kumuomba mwandishi. Sasa muombe uone. Unatuma imeli kimya, unakumbusha kimya, baadae unaambiwa aliyekuwa anazitunza ameshahama chuo au laptopu ilikufa nazo. Na hizo data jamani zimetoka kwa watu, kina mama wa Mbagala na Tandale wameacha biashara zao wakakaa na vijana wa madodoso lisaa lizima wakajibu mpaka maswali ya kipato na choo, halafu anakuja mtafiti mwingine na maswali yale yale kwa sababu majibu ya mwanzo hakuna anayejua yako wapi. Kwa kweli ni kuwakosea heshima.

Na madhara yapo. Mei 2020 jarida la The Lancet lilitoa makala ya hydroxychloroquine kwa wagonjwa wa korona, wakasema wana taarifa za wagonjwa zaidi ya 96,000, WHO wakasimamisha kwa muda majaribio ya hiyo dawa, wataalamu walipotaka data zikaguliwe kampuni iliyokuwa nazo ikagoma kuzitoa. Tarehe 4 Juni makala ikaondolewa.

Wengine watasema siri za watu, na ni kweli, tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022. Lakini majina na namba za simu zinatolewa kwanza, zile nyeti zinafungiwa mtu anapewa kwa masharti, na fomu ya ridhaa imuulize mhojiwa mapema kama anakubali majibu yake yatumiwe na wengine. Hofu ya kuwahiwa kuchapisha na watu wa nje wenye hela naielewa zaidi, mwanafunzi wa masters aliyezunguka juani apewe muda amalize makala zake kwanza, hata Zenodo, tovuti ya kuhifadhia data za utafiti ambayo ni bure, inakuruhusu kupanga tarehe ya kuzifungua.

PLOS, wachapishaji wa majarida ya sayansi, wanadai data ziwekwe wazi toka 2014. Wahariri wa majarida ya vyuo vyetu nanyi anzeni, mwandishi asiyeweka data wala sababu ya maana ya kutoziweka arudishiwe makala yake. Na aweke pamoja na dodoso na maelezo ya kila safu, maana faili limeandikwa Q1, Q2, Q3 basi, hakuna atakayelielewa.

Mtafiti msaidizi,
Dar es Salaam