Mzigo usilale barazani

Houston, Novemba

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa watoto. Ule ujumbe wa sauti ulionitumia juzi nimeusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilifurahi na wewe: harusi ya binti wa kaka yako, wiki mbili Minneapolis, na theluji ambayo wanao hawajawahi kuiona. Mara ya pili ndipo niliposikia vizuri ile sehemu ya mwisho, kwamba umeagiza viatu, makoti na mashine ya kusagia, na vyote vitafika Dallas wewe ukiwa harusini, "vitanisubiri mlangoni." Nikashtuka. Nikaona simu haitoshi, maana kwenye simu tunaanza hili tunaishia kwenye lile. Kaa usome, tafadhali.

Nikueleze kwanza jambo ambalo sikuwahi kukuambia, maana lilinitia aibu. Desemba ya mwaka juzi mama alinitumia doti mbili za kanga kutoka Tanga, moja yangu na moja ya binti yangu. Nilipomuuliza kwenye simu zimeandikwa jina gani, akasema, "Utalisoma mwenyewe ukizifungua." Siku ya kufika nilikuwa kazini. Simu ikaingia picha aliyopiga mletaji: bahasha kubwa ya kaki, mlango wangu, mkeka wangu wa mlangoni. Ilikuwa saa nane na dakika ishirini mchana. Nilifika nyumbani karibu saa kumi na mbili, giza limeshaingia, nikaukuta mkeka peke yake.

Jirani wa ng'ambo ya barabara ana kengele yenye kamera, akanionyesha. Gari la mizigo linaondoka, dakika chache baadaye linakuja gari dogo, taratibu, kama la mtu anayetafuta namba ya nyumba. Anashuka msichana, simu sikioni, anapanda kwenye kibaraza changu kama anayekuja kwa shangazi yake, anachukua, anarudi. Sidhani ilifika nusu dakika. Hakujifunika hata uso. Kamera iliona kila kitu na haikuzuia chochote. Ndiyo maana nikisikia mtu ananunua kamera halafu anatulia akidhani amemaliza kazi, namsikitikia. Kamera husaidia kutoa ushahidi, na pengine humtisha mwizi mwoga. Yule aliyeshuka kwangu hakuwa mwoga.

Waamerika wenyewe wamewapa wezi hawa jina, maharamia wa barazani, na msimu wao ndio huu unaoanza sasa. Ijumaa ile ya baada ya Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani ya Novemba, watu wananunua kama kesho hakuna, kisha hadi Krismasi magari ya mizigo hayatoki mitaani. Mwizi hana haja ya kuvunja mlango wala dirisha. Analifuata gari la mizigo kwa mbali tu, au anazunguka mtaa saa ambazo wenye nyumba wako kazini.

Nilikaa nikafikiri kwa nini mimi, mtoto wa Tanga niliyefundishwa kufunga hata kabati la sukari, niliridhika kuacha mali nje mchana kutwa. Unakumbuka mzigo wa basi ulivyokuwa? Ukitumiwa kitu kutoka Dar, jina na namba ya simu vimeandikwa kwa kalamu nene juu ya boksi, basi likifika unapigiwa, unakwenda ofisini na kitambulisho, unaulizwa nani kakutumia. Mzigo ulikuwa unafuatwa. Hapa tumefundishwa kwamba mzigo unakufuata wewe mpaka mlangoni, na sisi tukaona ndio ustaarabu. Tangu siku ile nimerudi kwenye desturi ya stendi, na ndiyo ninayokuomba uifuate.

Na inawezekana kabisa, tena bila gharama. Amazon, lile duka la mtandaoni, wana makabati yao ya chuma madukani na kwenye vituo vya mafuta. Unapoagiza unachagua kabati lililo karibu nawe badala ya anwani ya nyumbani, mzigo ukifika unatumiwa namba ya kulifungulia. Ila wanakuhifadhia siku tatu tu, kisha unarudishwa, kwa hiyo usiagizie huko ukiwa Minneapolis. UPS na FedEx, kampuni binafsi za kusafirisha mizigo, nao wana maduka wanayopokelea mizigo. Kwa FedEx, maduka mengi ya dawa ya Walgreens yanapokea. Unajiandikisha kwenye mtandao wao bure, na kila mzigo wenye jina lako ukiwa njiani unajulishwa, mara nyingi unaweza kusema usiletwe nyumbani, ukae dukani nitaufuata. Unakwenda na kitambulisho. Stendi kabisa!

Kwa safari yako, Posta ya Marekani unaweza kuiomba ikushikie barua na vifurushi vyako kuanzia siku 3 hadi siku 30. Fanya hivyo wiki hii. Lakini sikiliza hapa, maana wengi hukosea: ombi hilo linazuia vya Posta peke yake. Haliwahusu UPS, wala FedEx, wala magari ya Amazon. Hao kila mmoja una kazi ya kumwambia kwa upande wake, au uahirishe kuagiza mpaka urudi. Mimi ningekuwa wewe ningeahirisha. Mashine ya kusagia haiozi.

Kwa siku za kawaida, ulizia ofisi ya hapo apatimenti zenu kama wanapokea mizigo au wana chumba chake chenye kufuli. Na kazini kwako muulize msimamizi, wengine wanaruhusu. Boksi la televisheni au la kompyuta usilisimamishe nje siku ya taka, likatekate, uligeuze ndani nje, maana ni sawa na kumtangazia mpita njia ulichonacho ndani.

Jirani ndiye kinga kubwa kuliko zote, na hapa nina neno zito kidogo. Yule mzee wa ng'ambo, mwenye kamera, amestaafu, yuko nyumbani kutwa. Tangu kisa changu nilianza kumpelekea sambusa Ijumaa, naye akaanza kunichukulia mizigo. Nami namchukulia yake akienda kwa wanawe. Lakini kabla sijakanyaga kibaraza chake namwandikia ujumbe kwamba ninakwenda, nasubiri ajibu, na nakwenda mchana. Wewe unajua kwa nini. Wapo watu hapa wakiona mtu mweusi ameinama mlangoni kwa mwenzake anabeba boksi, hawaulizi ni jirani au si jirani. Na Texas bunduki ziko majumbani. Kijana wako sasa ana miaka kumi na tano na ni mrefu kama baba yake. Nakusihi usimtume akachukue mzigo wa jirani peke yake, hata kama jirani huyo mnapendana. Nenda wewe, au nendeni wote wawili. Inaniuma kuandika hivi, lakini itaniuma zaidi nikinyamaza.

Na kwa sababu hiyohiyo, ukimwona mwizi kibarazani kwako, mwache achukue. Usitoke, usimfukuze kwa gari. Kumbuka rangi ya gari na namba yake ukiweza, basi.

Kama umeibiwa, usikae kimya kwa aibu kama mimi. Waulize majirani kwanza, maana wakati mwingine mletaji kakosea nyumba; ile picha yake itazame vizuri, huenda mlango si wako. Kisha mwandikie muuzaji siku hiyohiyo. Wengi hutuma kingine au hurudisha fedha, na kama ulilipa kwa kadi ya mkopo, uliza benki, kwani kadi nyingine hulinda ununuzi. Toa taarifa polisi upate namba ya taarifa, maana utaulizwa. Kuiba kilicholetwa na Posta ni kosa chini ya sheria ya serikali kuu, kifungo chake kinafika miaka 5. Hapa Texas, tangu Septemba 1, 2019, kuna sheria ya jimbo inayogusa pia vilivyoletwa na kampuni binafsi, na adhabu inaongezeka kadiri walioibiwa walivyo wengi. Sikwambii kwamba utamwona mwizi wako mahakamani. Nakwambia usidhani ni jambo dogo lisilo na mwenyewe.

Nisisahau: msimu huu utapata pia ujumbe wa simu unaosema mzigo wako umekwama, bonyeza hapa ulipe senti kadhaa. Usibonyeze. Hao ni wezi wa aina nyingine, wanatafuta namba ya kadi yako. Upeleke ujumbe huo kwenye 7726, namba ya kuripoti ujumbe wa ulaghai, kisha uufute. Ukitaka kujua mzigo uko wapi, fungua mwenyewe ukurasa wa duka uliloagiza.

Fedha za viatu zinarudi, shoga. Vya duka vyote vina dawa. Kisichorudi ni kile kilichofungwa na mkono wa mtu wa nyumbani. Kwa zile kanga sikuwa na risiti, na hata thamani yake nilipoulizwa sikujua niseme nini. Mama nilimdanganya miezi mitatu kwamba zimefika. Akaniomba picha tumezivaa, ndipo nikalia nikamwambia kweli. Kwa hiyo vya nyumbani mwambie anayetuma alipie vipokelewe kwa saini, ili mletaji asipokukuta aache kikaratasi na mzigo urudi naye. Utaufuata mwenyewe.

Mama ametuma doti nyingine mbili wiki iliyopita, kwa saini. Nimeomba siku ya mapumziko kazini ili nizipokee. Nikamsihi safari hii anisomee jina kabla hajafunga, lisije likapotea tena. Amekataa.

Wasalimie wanao, na ukifika Minneapolis unipigie.

Ni mimi shoga yako