Muuza sola atutajie uniti, si idadi ya taa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu matangazo ya sola, yakiwemo yanayotoka humu gazetini. "Taa nne, TV na redio, buku tu kwa siku!" Tangazo la namna hiyo halina namba hata moja inayopimika, na ndiyo maana wauzaji wanalipenda. Taa ya wati 1 ni taa, ya wati 9 nayo ni taa. TV haijasemwa ni ya inchi ngapi wala itawaka kwa muda gani.

Mwenye LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, anaijua uniti. Ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja, yaani wati-saa 1,000, na sola inapimwa hivyohivyo. Taa 5 za wati 5 zikiwaka saa 5 zinakula wati-saa 125. TV ya inchi 32 ya wati 40 na king'amuzi cha wati 15, kwa saa hizohizo, ni 275. Chaji ya simu tatu weka 30. Jumla 430, haifiki nusu uniti kwa siku. Sasa, sehemu kubwa ya Tanzania hupata jua kamili, yaani lenye nguvu kama la adhuhuri, la wastani wa saa 4.5 hadi 6 kwa siku. Tuchukue 5, tuondoe karibu theluthi inayopotea kwa joto la bati, vumbi, waya na betri: nyumba hii inahitaji paneli ya wati 150 (150 mara 5 ni 750, ukiondoa theluthi zinabaki 500). Betri ya asidi, iwe ya maji au ya jeli, haifai kutumika zaidi ya nusu yake, kwa hiyo ile ya volti 12 yenye Ah (ampea-saa) 100 inatoa kama wati-saa 600. Ya lithiamu ya Ah 50 inakaribia huko, maana yenyewe inavumilia kutumika hadi asilimia 80.

Mtu huyu akiuziwa betri ya asidi ya Ah 20, nusu yake ni wati-saa 120. Akiwasha kila kitu saa 1 jioni, kufika saa 2 na nusu ni giza, taarifa ya habari haijaisha.

Ujanja unaowanasa wengi ni ule wa mita ya kupimia volti na ampea. Muuzaji anaielekeza paneli juani, anagusisha mita, inasoma volti 21. "Umeona? Mzigo wa nguvu huu!" Volti hazisemi chochote kuhusu ukubwa wa paneli. Paneli yoyote ya seli 36 (vile vipande vyake vinavyozalisha umeme), ya wati 20 au ya wati 100, inatoa volti kama 21, hata kukiwa na mawingu mepesi. Kinachosema ukweli ni ampea. Mwambie ahamishe waya mwekundu kwenye tundu la 10A, aweke mita kwenye ampea za DC (umeme wa aina ya betri na sola), kisha agusishe chanya na hasi za paneli, saa 6 mchana, anga lisilo na mawingu. Paneli ya kweli ya wati 100 inasoma ampea 5.5 hadi 6. Ikisoma 3, hiyo ni ya wati 50 iliyobandikwa lebo mpya. Paneli kubwa za wati 400 msizipime kwa njia hii, ampea zake zinapita 13 na mita itaungua fyuzi. Kwa hizo tumieni mita ya kubana waya inayosoma DC. Asiye na mita aje na futi. Paneli nzuri za sasa zinatoa kama wati 200 kwa mita moja ya mraba, hivyo "wati 300" yenye urefu wa mita moja na upana wa sentimita 67 ni uongo mtupu.

Betri ipimwe kwa mizani. Ya asidi, volti 12 na Ah 100, ina uzito wa kilo 28 hadi 32 kwa sababu ya madini ya risasi yaliyomo. Ukiiinua kwa mkono mmoja kama kreti tupu la soda, umeshika ganda. (Lithiamu ni nyepesi kwa asili, kilo 10 hadi 13, kwa hiyo hapo mizani haimuumbui mtu.) Na betri ya gari si betri ya sola, hata ikiwa mpya. Imetengenezwa kupiga stata kwa sekunde chache. Ukiikausha kila usiku haitamaliza miezi mingi.

Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi, iliyoandikwa "2000W" kwa betri ya volti 12 ingevuta ampea zaidi ya 160, nazo zinataka waya mnene kama kidole. Ukikuta imekuja na waya mwembamba kama penseli, ujue namba hiyo ni ya kishindo cha sekunde moja, kama ipo kabisa. Ulizeni wati za kuendelea.

Halafu kontrola, kifaa kinachosimamia chaji kutoka kwenye paneli kwenda kwenye betri. Paneli ya wati 400 yenye volti 31 ikiunganishwa na betri ya volti 12 kupitia kontrola ya PWM, ile aina rahisi, inashushwa hadi volti za betri huku ampea zikibaki 13 zilezile. Unapata wati 170 hivi. Umelipia 400. Hapo inahitajika MPPT halisi, kontrola inayogeuza volti za ziada kuwa ampea, na neno "MPPT" kubandikwa juu ya kiboksi chepesi cha bei ya chee halikifanyi kuwa MPPT.

Waya nao: ampea 10 kwenye waya wa shaba wa 1.5 mm² wenye urefu wa mita 10 hupoteza kama volti 2.4 kati ya 12. Wa 6 mm² hupoteza 0.6 hivi. Ukwanguliwe kwa kisu. Ukiwa mweupe ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba.

Ile "waranti ya miaka 25" ni ya paneli kutopungua nguvu kupita kiwango fulani. Haihusu betri wala inveta, na ndizo zinazokufa kwanza. Kila kifaa kiandikiwe waranti yake, pamoja na namba ya kifaa na risiti ya EFD (mashine ya kodi). Anayesema "ofa inaisha leo" mwambieni aiandike bei hiyo kwenye karatasi, mtarudi kesho.

Kuhusu buku kwa siku: kianzio 60,000, kisha 1,000 kwa siku 730, ni Sh790,000. Ulizeni bei ya taslimu ya mtambo uleule, na je, betri ikifa mwezi wa 14, deni linasimama au linaendelea?

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji, na malalamiko yanapokelewa na Tume ya Ushindani (FCC). Lakini gazeti lako, Mhariri, haliwezi kusubiri FCC. Nashauri kila tangazo la sola linaloletwa kwenu litaje wati za paneli, aina na Ah za betri, wati za kuendelea za inveta na bei yote mpaka deni linapoisha. Asiyeweza kuzitaja namba hizo nne, mrudishieni tangazo lake.

Fundi umeme wa jua,
Shinyanga